Kabati la Bwana Masharti

Mwalimu wa udereva alikuwa amelala chali kati ya kochi na kabati la chuma, kiatu kimoja kimemvuka, macho yakitazama dari. Risasi ilimwingia chini ya mbavu, ikatokea mgongoni na kujizika ukutani, kando ya picha ya harusi ya kaka yake. Damu ilikuwa imeanza kukauka pembeni mwa zulia. Mfuko wa shati lake ulikuwa umejaa peremende, maana mwanafunzi akiingiwa na hofu barabarani, yeye humpa peremende kwanza ndipo amfokee.

Inspekta alisimama mlangoni bila kuingia. Kituoni walimpa jina la Taratibu, na si kwa kumsifu. Mpelelezi mwingine angekuwa ameshapima, ameshapiga picha na ameshaanza kuandika. Yeye alikuwa bado anatazama zulia.

"Nani alitupigia simu?" aliuliza.

"Muuaji mwenyewe," alisema Koplo. "Yupo uani, amekaa kwenye ndoo. Ni mtoto wa kaka wa marehemu, fundi wa mafriji. Amesema amempiga risasi baba yake mdogo, akaninyooshea mikono nimfunge pingu. Sijawahi kupata kesi laini namna hii."

Koplo alikuwa mwanamke mrefu kupita milango mingi, ndiyo maana askari wenzake walimwita Mlingoti. Aliitikia jina hilo bila kununa, ila aliyemwita hivyo alipangiwa lindo la geti wiki nzima.

"Kesi ikiwa laini hivi, ujue kuna mtu ameichemsha," alisema Inspekta, akavaa glavu na kuingia.

Bunduki ilikuwa mezani, imelazwa juu ya gazeti. Mtutu ulinuka baruti mbichi, lakini kitako na chuma vilikuwa vimefutwa hadi vikang'aa. Ganda la risasi lilikuwa bado limo ndani ya chemba. Inspekta alilitoa kwa kibano, akalitumbukiza kwenye mfuko wa vielelezo na kuufunga.

Kisha akageukia kabati. Lilikuwa la chuma kizito, limekazwa ukutani kwa nati, mlango uko wazi. Ndani mlikuwa na kofia ya shambani na kitambaa kilichokunjwa vizuri.

"Ufunguo uko wapi?"

"Haupo, mkuu. Si tunduni, si mezani, si mfukoni mwa kijana."

"Na hiki kigoda kinafanya nini mbele ya kabati la bunduki?"

Kigoda kilikuwa na mto mdogo uliobonyea katikati. Chumba kizima kilikuwa na vumbi la nyumba iliyokatiwa tamaa, lakini kabati lilikuwa limepanguswa hadi juu. Mtu fulani alikuwa amekaa hapo, si mara moja wala mbili, akitazama chuma.

Bunduki hiyo ilikuwa ya baba wa yule fundi, mkulima wa mahindi aliyefariki mwaka uliopita. Inspekta alimkumbuka. Alikuwa akija kituoni kuhuisha leseni yake kabla haijaisha, amevaa shati lililopigwa pasi, akawauliza askari maswali ya sheria mpaka wakajificha. Alipewa bunduki kwa sababu ya nguruwe pori waliokuwa wakimaliza mahindi yake. Bunduki ilikaa sebuleni kabatini, risasi zikakaa stoo kwenye sanduku jingine lenye kufuli lake, na funguo zote mbili alizivaa shingoni kwa kamba, hata akienda kuoga. Majirani walimwita Bwana Masharti. Ukimwazima ngazi, utasomewa masharti. Ukimwomba maji, utaelezwa bilauri irudishwe wapi. Walimcheka sana, lakini mtu akisafiri, nyumba aliiacha mikononi mwake.

Sheria ilisema mwenye leseni akifa, warithi waikabidhi silaha polisi mapema iwezekanavyo. Silaha hii haikukabidhiwa. Ofisa wa leseni alikuwa ameulizia kwa mjane bila kupata jibu, mwisho akampigia simu mwalimu wa udereva, amsaidie kuileta. Mwalimu aliitikia kwamba angepita asubuhi hiyo kabla ya kuanza kazi.

Fundi aliketi kwenye chumba cha mahojiano, mikono juu ya meza, kucha zina grisi.

"Ulimuua kwa nini?" aliuliza Inspekta.

"Tuligombana."

"Kuhusu nini?"

"Shamba. Alitaka liuzwe. Majirani wote walinisikia nikimwambia siku moja atanitambua."

"Walikusikia kweli. Bunduki uliitoa wapi?"

"Kabatini."

"Kwa ufunguo upi?"

Fundi alikwangua grisi kwenye ukucha. "Kabati lilikuwa wazi."

"Kabati la Bwana Masharti? Wazi?"

"Lilikuwa wazi, afande."

"Na risasi?"

"Nilienda stoo. Nikafungua sanduku, nikachukua moja, nikaiweka."

"Baba yako mdogo akafanya nini wakati wewe uko stoo?"

"Alisubiri."

Koplo alikohoa ili asicheke. Inspekta hakubadilisha uso.

"Mama yako alikuwa wapi?"

Jibu hili lilikuja haraka kuliko yote. "Hakuwepo. Yuko kwa mama mkubwa. Hajui chochote. Msimsumbue, ana huzuni, tangu baba afe hayuko sawa."

"Unajua mauaji ya kukusudia yanakupeleka wapi?"

"Najua."

"Utatoka gerezani ukiwa na mvi, kama utatoka."

"Andika nitie saini, afande," alisema fundi, na sauti yake ikamkatikia katikati.

Walirudi kwenye nyumba ile mchana. Sanduku la risasi lilikuwa stoo, nyuma ya majembe na debe la mbegu. Koplo alilivuta kwenye mwanga, akapiga goti, kisha akamwita mkuu wake bila kusema kitu. Nyigu alikuwa amejenga kwenye tundu la kufuli. Udongo ulikuwa mgumu, umekauka, umeziba tundu lote. Hakuna ufunguo uliopita hapo tangu nyigu huyo aanze ujenzi.

"Basi risasi haikutoka humu," alisema Koplo.

"Siyo asubuhi ya leo."

"Kwa hiyo kijana anatudanganya. Sasa risasi ilitoka wapi?"

Inspekta alitazama majembe ya marehemu yaliyosimama ukutani kwa ukubwa wao, kila moja likiwa limefutwa udongo. Hakuna aliyeyagusa tangu mwenyewe ayapange.

Safari ya kwenda maabara waliifanya kwa gari la Inspekta, kwa sababu la kituo lilikuwa gereji tena. Kiti cha abiria kilikuwa kimesogezwa mbele kabisa, na Koplo alikaa magoti yakimkaribia kidevu. Kiti hakikuwa kibovu. Mke wa Inspekta alikuwa mfupi, na ndiye aliyekisogeza hivyo mara ya mwisho alipopanda gari hilo. Tangu amzike, Inspekta hakutaka mtu aguse kile chuma cha kusogezea. Alimkumbuka kila alipofunga mlango, alimkumbuka kwenye kona, alimkumbuka akisubiri taa ziwake kijani, na hakuna siku kiu ya kumwona ilipungua.

"Mkuu, nikistaafu nitadai fidia ya magoti," alisema Koplo.

"Kaa nyuma."

"Nyuma ni kwa watuhumiwa."

Mtaalamu wa silaha alikuwa mzee mwenye miwani mbili, moja puani na nyingine kichwani, na kila mara alitafuta ile isiyo sahihi. Alipokea bunduki na ganda lao, wakarudi kesho yake, wakamkuta ameliweka chini ya kioo cha kukuzia.

"Risasi iliyoua imetoka kwenye bunduki hii, hilo msiulize," alisema. "Ila nimepata kingine. Kuna alama ya kidole kwenye shaba ya ganda. Dole gumba, la mkono wa kulia."

"La kijana," alisema Koplo.

"Ningependa iwe hivyo nikale chakula changu. Sikiliza. Mtu akishika risasi leo na kuipiga leo, moto na gesi hufuta karibu kila kitu. Jasho lina chumvi. Likikaa kwenye shaba muda mrefu, linaila. Alama hii imechimba ndani ya chuma. Aliyeshika risasi hii aliishika zamani, na tangu hapo ikakaa bila kuguswa."

"Ni nani?"

"Waombaji wote wa leseni huchukuliwa alama za vidole. Nimelinganisha na zilizopo." Akavua miwani ya puani. "Ni mwenye bunduki."

Koplo aliangalia ganda, akaangalia mkuu wake. "Basi tumkamate marehemu."

Hakuna aliyecheka, hata yeye mwenyewe. Inspekta alitia saini kuchukua kielelezo, wakatoka nje. Jua lilikuwa kali. Koplo alifungua mlango wa gari, akajikunja kama kawaida yake, na Inspekta akabaki ameshika usukani bila kuwasha.

"Haiingii akilini," alisema. "Mtu yule hakuwa wa kuacha risasi kwenye bunduki ndani ya nyumba. Angeitoa."

"Labda hakupata nafasi."

"Sawa. Hakupata nafasi. Lakini kuna mtu alikaa na kabati hilo kila siku, akalipangusa. Angeweza kuita polisi waitoe. Kwa nini hakuita?" Kisha akauliza swali ambalo Koplo hakulitegemea. "Hiki kiti, mbona hujawahi kukisogeza nikiwa sipo?"

Koplo alifikiri kidogo. "Kwa sababu ungekirudisha, na usingeweza kukirudisha palepale alipokiacha."

Inspekta alitazama chuma cha kusogezea kiti, kilichokuwa kinaanza kushika kutu. Kisha akawasha gari. "Twende kwa mama mkubwa."

Mama mkubwa alikuwa fundi cherehani mwenye kibanda mbele ya nyumba yake. Aliwakaribisha kwa mdomo lakini akasimama mlangoni kuwazuia.

"Mdogo wangu hajazungumza tangu jana," alisema. "Hajala. Nikimuuliza, ananiambia mwanawe kamkataza kusema mpaka atakapokuja. Nanyi mkija na maswali yenu mtanimalizia."

"Hatutakaa sana, mama," alisema Inspekta.

Mjane alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani. Hakuwa mtu mzima sana. Shingoni, chini ya gauni, ilionekana kamba nyeusi. Inspekta alimwonyesha Koplo kwa macho, kisha akavuta kiti na kukaa chini kuliko yeye.

"Mama, una haki ya kukaa kimya," alisema. "Una haki ya wakili. Utakachosema nitakiandika, na kinaweza kutumika mahakamani. Umenielewa?"

Alitikisa kichwa kukubali.

"Mwanao amekiri kumuua baba yake mdogo. Kesho jalada linakwenda kwa mwendesha mashtaka. Mauaji ya kukusudia."

Mjane aliinua uso. "Amekiri nini?"

"Kwamba ni yeye."

"Aliniambia atawaeleza ilikuwa ajali." Alimtazama dada yake mlangoni, kisha Inspekta, kama mtu aliyeamshwa kwenye nyumba asiyoijua. "Mwanangu hakuwepo. Alikuja mbio kutoka uani aliposikia mlio. Alinikuta nimekaa na bunduki mapajani. Akaninyang'anya, akaifuta, akaniambia, mama, nenda kwa mama mkubwa, usiseme neno. Nikaenda. Sikuwa na akili. Mtoto wangu ananiweka mimi nyumbani, yeye anajipeleka huko?"

"Funguo unazo?"

Alivuta kamba kutoka kifuani. Funguo mbili ziligongana. Alizishika kidogo kwanza, ndipo akampa Koplo.

"Tuambie kuhusu risasi," alisema Inspekta. "Ganda lina alama ya dole gumba la mumeo."

Mjane aligeukia dirisha. Nje cherehani ya mwanafunzi wa mama mkubwa ilikuwa inakwenda na kusimama.

"Alisikia nguruwe kwenye mahindi," alianza. "Jua lilikuwa linazama. Akatoa bunduki, akaniambia niseme na kufuli la sanduku la risasi kule stoo, maana lilikuwa linamkatalia. Ndivyo alivyokuwa, anatania huku anafanya haraka. Akachukua risasi moja, akaiweka. Akafika mlangoni, akarudi. Akashika kifua. Akakaa hapo, kwenye kigoda. Jasho linamtiririka. Hata hapo, baba huyu, hata hapo aliinyanyua bunduki akaielekeza ukutani, akaiegesha kabatini kwa mkono wake, akafunga. Akanivisha kamba ya funguo. Akasema, ina risasi. Usiiguse. Nitaitoa mwenyewe nikirudi."

Mama mkubwa alikuwa ameweka mkono mdomoni.

"Hakufika mbali," alisema mjane. "Hospitali walinirudishia viatu."

"Na ukaiacha."

"Aliniambia nisiiguse. Miaka yote nilikuwa nikimcheka na masharti yake. Hilo moja nikasema nitalifuata. Mwanzo nilifuata kwa woga. Baadaye..." Akatafuta maneno. "Nguo zake watu waligawana. Kitanda nilifua shuka, hata harufu ikaondoka. Shamba limeota majani. Kila kitu alichokianza kilikwisha au kikaharibika. Kimebaki kimoja tu ambacho bado kinamsubiri amalize. Nikifungua kabati asubuhi, nasema, risasi yake imo humo, aliiweka kwa vidole vyake, na aliahidi kurudi kuitoa. Mnaona ni wazimu. Mimi nilikuwa napata nguvu ya kuchemsha chai."

Inspekta hakuandika sentensi hiyo. Aliinamia daftari lake bila kulitazama.

"Shemeji yako alikuja asubuhi," alisema.

"Alinikuta nimekaa mbele ya kabati, nimelifungua. Akasema shemeji, polisi wanaitaka, inabidi niipeleke leo, tutafungwa. Nikamwambia isubiri. Akasema imesubiri vya kutosha. Akaishika mtutuni, akavuta. Nikashika kitako. Nikamwambia iache, ina risasi. Akacheka." Machozi yalimtoka sasa, bila sauti. "Akacheka, akasema, bunduki ya kaka yangu? Iwe na risasi ndani ya nyumba? Shemeji, unamjua kweli mumeo? Akavuta kwa nguvu. Kidole changu sijui kilikuwa wapi. Alimwamini kaka yake mpaka ikamuua."

"Na wewe ulikuwa unavuta ili iweje?"

"Ili asiichukue."

"Ulitaka kumuua?"

"Alikuwa ananiletea peremende kama mtoto. Nani atataka kumuua mtu huyo? Nilitaka niachiwe kitu changu."

Inspekta alifunga daftari. Alimwambia kila kitu kama kilivyo, kwa sababu hakuona njia nyingine ya kumheshimu. Angeshtakiwa kwa kuua bila kukusudia na kwa kukaa na silaha isiyo na leseni. Mahakama ingesikia lote. Mwanawe angeulizwa kuhusu uongo wake na kuifuta bunduki, lakini mashtaka ya mauaji hayangesimama. Angelala nyumbani usiku huo.

"Atalala nyumbani?" aliuliza mjane.

"Atalala."

"Mwambieni friji la jirani liko uani, mwenyewe atalifuata kesho." Akajifuta uso kwa kiganja. "Mzee wangu, hilo ganda unalo?"

Koplo alimtazama mkuu wake. Taratibu za vielelezo alizijua vizuri, na kwenye taratibu hizo hapakuwa na nafasi ya ombi hili. Inspekta alitoa mfuko wa plastiki uliofungwa, akampa mjane mkononi, akabaki ameshika pembe moja ya mfuko.

Mjane aliugeuza kwenye mwanga wa dirisha mpaka akaiona alama. Ilikuwa ndogo, mistari myembamba imechimba kwenye shaba, na katikati yake mstari mmoja uliokatika, kovu la panga la siku walipokuwa wanafyeka shamba lile kwa mara ya kwanza. Alilijua kovu hilo. Ndiye aliyelifunga kitambaa. Aliweka dole gumba lake juu ya plastiki, juu ya dole gumba la mumewe, akatulia hivyo, na hakuna aliyemharakisha, wala Koplo aliyekuwa amegeukia ukuta akijifanya anakagua kalenda.

"Kesi ikiisha mtanirudishia hili?"

"Bunduki na kila kilichotoka ndani yake vitaharibiwa, mama," alisema Inspekta. "Ndiyo sheria."

Mjane aliitikia kwa kichwa polepole. Kwa mara ya kwanza uso wake ulilegea, karibu atabasamu.

"Na yeye angesema hivyohivyo," alisema.

Akamrudishia mfuko, akamwomba dada yake amletee viatu.

Walipofika kwenye gari, Inspekta alimfungulia mjane mlango wa mbele. Alikuwa mwanamke mfupi. Alikaa bila kugusa kitu chochote, na magoti yake yalienea vizuri.